Mbuzi Aliyechinjwa Mapema

Mjomba wangu alifika Garissa siku mbili kabla ya Krismasi, na kabla hajatua begi alikuwa ameshatupa pole. Pole kwa jua, pole kwa vumbi, pole kwa makorongo waliojaa juu ya miti. Alikuja na mkewe, mikungu miwili ya ndizi na gunia la viazi, kana kwamba huku hatujui soko. Mama, ambaye ni dada yake mkubwa, alicheka akapokea viazi. Mimi sikucheka. Mtu ambaye kwa miaka ishirini na miwili amekuja kwa dada yake mara moja tu, baba alipofariki, akachukua mwili kuupeleka bara bila hata kunywa chai, ana uso gani wa kumpa mtu pole kwa ajili ya jua?

Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi pale mjini. Aliletwa na serikali, kama walimu wote wa bara, na wenzake walipokuwa wakiandika barua za kuomba uhamisho kila muhula, yeye alipanda mwarobaini uani akakaa. Januari alikuwa anastaafu na kurudi kwenye kishamba alichoachiwa na baba. Kwa hiyo Krismasi ile ilikuwa ya mwisho Garissa, na alitaka kitu kimoja tu: majirani wetu wakae mezani pake, wale nyama yake, kama kila mwaka. Aliniambia hivyo kwa simu mara tatu kabla sijapanda basi kutoka Nairobi, kana kwamba mimi ningeweza kusahau.

Jirani wetu ni mama wa Kisomali. Tangu nijue kusema namwita habaryar, yaani mama mdogo, na mumewe, mfanyabiashara wa mifugo, namwita adeer, yaani baba mdogo. Mama alipolazwa na malaria, habaryar ndiye aliyenibeba mgongoni wiki nzima. Na kila Krismasi adeer huvuka ua na kisu chake, anamlaza mbuzi akielekea kibla, anasema Bismillahi, anachinja. Hivyo nyama inakuwa halali na tunakula wote, sisi na wao. Mama ana hata sufuria kubwa aliyoifunga kwa leso juu ya kabati. Haijawahi kuingia nyama ambayo adeer hakuichinja. Ikifika Idd tunahamia kwao, na habaryar anatulisha mpaka tunashindwa kuinuka.

Mwaka ule adeer alimtoa mbuzi mwenyewe kwa ndugu zake kule Ijara. Dume jeupe, limenona. Mama alimfunga chini ya mwarobaini, akamlisha maganda ya ndizi za mjomba. Hiyo ndiyo kazi pekee ya maana ambayo ndizi zile zilifanya.

Asubuhi ya Krismasi mama alikwenda kanisani mapema. Akaniambia mbuzi asiguswe mpaka adeer aje saa tatu. Akaniambia mimi, si mtu mwingine. Alinijua, akaniamini, na hapo ndipo alipokosea.

Haikupita nusu saa nikasikia mtu ananoa kisu kwenye ngazi ya nyuma. Mjomba, kifua wazi, suruali imekunjwa magotini, kiherehere kimempanda mpaka utosini. Nikamweleza. Nikamweleza vizuri, taratibu, habari ya adeer, habari ya halali, habari ya ile sufuria. Akanisikiliza huku anatabasamu, lile tabasamu la watu ambao hawajawahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba wao ni wajinga.

"Mimi nitoke kwetu mpaka huku, Krismasi, halafu mbuzi wa dada yangu achinjwe na mgeni?" akasema. "Mama yako atafurahi akirudi akute kazi imekwisha. Lete karai, damu isipotee. Tutajaza utumbo, tupike mutura."

Ningeweza kumfungua mbuzi. Ningeweza kupiga kelele, habaryar angesikia, ua wetu ni wa miti na mabati tu. Lakini nililelewa kwamba mjomba hajibiwi. Nikafyata mkia. Mtu mzima na kazi yangu Nairobi, ninayewajibu mabosi bila woga, nikaingia jikoni nikatoka na karai. Na alipoanza kuchinja nikalishika mwenyewe, nikaliinamisha ili lisimwagike hata tone. Nimemdharau mjomba kwa mengi, lakini kwa karai lile sina wa kumdharau ila mimi.

Mkewe naye hakutaka kupitwa. Akapanda kiti, akaishusha ile sufuria, akaifungua leso, akatumbukiza kichwa na miguu achemshe supu. Leso akajifunga kiunoni. Aliyeshika karai ataongea nini kuhusu sufuria?

Adeer alikuja saa tatu kamili. Kikoi kimepigwa pasi, kofia safi, kisu kimefungwa kwenye kitambaa cheupe. Mama alikuwa ameingia langoni nyuma yake tu, bado ana Biblia mkononi. Wote wawili wakamwona mbuzi ananing'inia kwenye mwarobaini, amekwisha kuchunwa, na karai chini yake. Mjomba akawapungia mkono wenye damu, amejaa furaha.

Adeer hakukunja uso. Alikiingiza kisu ndani ya shati, polepole, kama mtu anayeficha kitu asimwaibishe mwenzake.

"Hakuna shida, Mwalimu," akasema. "Nyinyi kula, sisi tuko."

Akakaa, akanywa chai ya rangi, akamuuliza mjomba habari za safari na mvua za kwao. Mjomba akamletea ini la kuchoma kwenye kijiti. Adeer akaweka mkono kifuani, akashukuru, akaaga. Alipotoka tu, mjomba akasema hawa watu wana maringo sana. Loo! Hiyo ndiyo akili iliyokuja kutuhurumia kwa kuishi Garissa.

Mama aliniuliza swali moja tu, kama nilikuwepo. Nikasema nilikuwepo. Akaenda jikoni, akaiona sufuria, akatoka. Akabadilisha nguo, akavaa dera aliloletewa na habaryar Idd iliyopita, akavuka ua.

Saa saba meza ilikuwa imejaa nyama ya kila namna. Mjomba aliomba sala ndefu isiyoisha, akamshukuru Mungu kwa umoja wa familia, kwa upendo, kwa kutukutanisha nyumbani pamoja. Alifumbua macho ndipo akagundua mwenye nyumba hayupo. Akanituma nimwite, nimwambie chakula kinapoa na watu wake wanamngoja.

Nilimkuta kwenye mkeka wa habaryar, viatu vimeachwa mlangoni, wanakula wali kwenye sinia moja. Habaryar alikuwa anamhadithia siku mama alipofika mjini mara ya kwanza, amevaa soksi nzito ndani ya jua lile, na mama anacheka mpaka anafuta machozi. Au alikuwa anafuta machozi tu, sikujua. Nikasema nilichotumwa.

Mama hakuacha kula. "Mwambie niko nyumbani, nakula," akasema. "Wewe nenda ukae na wageni."

Habaryar akamtazama, akanitazama mimi, akasogea kunipisha kwenye mkeka. "Kaa, mtoto yangu," akasema, akainua birika na beseni ninawe.

Nikanyoosha mikono. Chini ya kucha zangu damu ya karai ilikuwa imekauka, nyeusi. Adeer alikuwa amekaa palepale, na najua aliiona. Nikairudisha mikono nyuma, nikasema nimeshiba, nikavuka ua nikaenda kula na mjomba.