Rasimu Kumi na Moja za Mzee wa Granville

Mzee wetu wa Granville, mtaa wa jirani huku ughaibuni, alifariki wiki tatu zilizopita, Jumanne asubuhi. Mkewe alinipigia simu nikiwa kwenye treni ya kwenda kazini, nikashuka stesheni isiyo yangu na kuzunguka pale kama mtu aliyepoteza funguo. Tangu siku hiyo situlii. Wasomaji wangu mnanijua: msiba huniketisha chini niandike. Huu umeninyima kiti.

Alikuwa Mzungu wa Ulaya, mshauri wa mawaziri katika mambo ya nchi za nje kwa zaidi ya miaka thelathini. Kiswahili alijifunza Dar es Salaam ujanani, kile sanifu cha kututia aibu sisi Wakenya. Jumamosi nilikuwa nikienda kwake tunywe chai, tubishane. Siku moja alisimulia jinsi ofisi yao ilivyobishana siku mbili nzima kama waandike "tumesikitishwa" au "tumesikitishwa sana", kuhusu mji mmoja wa mashariki ya Kongo uliokuwa ukishambuliwa. Tamko lilipotoka, mji ulikuwa mtupu. Akacheka. Dada wa Kikongo aliyekuwa akija kumhudumia nyumbani akaweka birika chini. "Papa, ile siku mimi nilikuwa njiani, mtoto mgongoni." Loo! 

Hapo ndipo Mzee alipomwahidi dada barua. Mama mzazi wa dada huyo bado yuko kwenye kambi ya wakimbizi, na wakili wao alitaka mtu anayeheshimika, anayeijua kambi ile, aeleze hali aliyoiona, ili ombi la kumleta mama huku lisikataliwe. Mzee alikuwa amefika pale mara tatu kikazi. Basi akaanza. Rasimu ya kwanza, ya pili, ya tano. "Haraka haraka haina baraka," alisema, huku akifuta neno. "Na ngoja ngoja huumiza matumbo, Papa," dada akamjibu. "Mama yangu iko anazeeka kule."

Na mimi je? Mimi, bingwa wa sentensi, niliketi pale nikimwambia aya ya pili imepwaya. Nilifurahia kazi ile, jamani, na ndicho kinachoniwasha sasa. Ugonjwa huu si wa Wazungu wa maofisini peke yao. Hata kamati zetu Wakenya wa mtaa huu wa Blacktown hutumia mkutano mzima kusahihisha kumbukumbu za mkutano uliopita, na mgonjwa tuliyekutana kwa ajili yake bado anasubiri kutembelewa.

Baada ya mazishi mkewe alinipa faili. Rasimu kumi na moja. Ya kwanza ina mistari sita: kambi ameiona, mama wa umri ule hawezi kuishi pale peke yake, mpokeeni. Kila kitu kimo. Hakuna hata moja yenye sahihi. Dada alizisoma zote jikoni, polepole, akazirudisha ndani ya faili. "Alinipenda, huyu mzee," akasema. "Lakini angeandika tu vibaya, halafu atie sahihi."

Mimi sijawahi kufika kambi ile. Ninachokijua ni dada huyu, na kitanda alichokwisha kumtandikia mamaye. Nimeandika hayo, mistari minne, kwa sahihi yangu isiyo na cheo. Mjane naye ameandika aliyoyasikia kwa mumewe. Jana sisi wenyewe tulizipeleka barua hizo kwa wakili, bila kuzisoma mara ya pili. Mhariri anisamehe: safu imechelewa kwa sababu barua ilitangulia.