Aryemo na Ndugu za Thembo

Aryemo alikuwa na sauti isiyomfaa mtu wa kazi yake. Mshauri wa vijana hutakiwa aongee kama anayembembeleza mgonjwa anywe uji, na yeye alizaliwa kambini, binti wa sajenti kutoka Acholi, akakulia kwenye nyumba za mabati za familia za askari, ambako hata mama akimwita mwanawe kula humwita kama anayesimamisha lori. Baba yake alihamishwa kambi hadi kambi mpaka wakafika Kasese, magharibi mwa Uganda, na huko mauti yakamkuta. Mama hakukawia kumfuata. Ndugu zake wakarudi kaskazini. Yeye akabaki, akasoma ushauri kwa kuungaunga, akapata kazi kwenye kituo cha vijana kilichoko kwenye kilima juu ya Bwera, na Kiswahili chake cha kambini akaingia nacho hivyohivyo.

Wenyewe kituo walikiita Mlimani. Kulikuwa na bweni la wavulana, bweni la wasichana, karakana ya useremala na chumba cha cherehani, na vijana waliotoka sokoni, mpakani na kwenye vituo vya polisi. Walimtania kwa kumwita Mama Afande, naye alijifanya hasikii. Kikonzo, lugha ya wenyeji, hakukijua zaidi ya salamu na shukrani. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba ya Aryemo ilikuwa hiyo: miaka yote aliyokaa pale, watu wakianza kuongea lugha yao alibaki kutabasamu tu.

Lakini kazi aliijua. Wakubwa wa semina walimfundisha amkalishe kijana mbele yake, watazamane, amuulize anajisikiaje. Alijaribu mara mbili akaacha. Kumtazama mtoto machoni na kumuuliza maswali ni mahakama, si ushauri. Yeye aliweka ungo wa maharage katikati, wakachambua pamoja, kila mtu akitazama vidole vyake. Mikono ikishughulika, mdomo hujisahau. Kuna wasichana waliochambua maharage na Aryemo mwezi mzima kabla ya kutoa neno moja, na hakuwahi kuwaharakisha.

Ni kwenye ungo huo Thembo alipomwambia.

Thembo alikuwa na umri wa miaka kumi na mitano hivi, mpole, mwenye mkono mzuri wa kupiga randa. Alikuwa ameletwa na polisi, nao alikuwa amewaambia kwamba wazazi wake wamekufa na kwamba yeye ni mtoto pekee, hana mtu duniani. La wazazi lilikuwa kweli.

"Mama, mimi iko na kaka," alisema siku ile, akitupa jiwe dogo nje ya ungo. "Jina yake Kule. Yeye alivuka Kongo, akaenda kwa watu ya porini. Amerudi kutafuta vijana. Akasema na mimi nitavuka."

Akaeleza, polepole, jinsi alivyofungiwa na wavulana wengine kwenye kibanda katikati ya shamba la kahawa, wakisubiri kuvushwa kwa waasi, na jinsi alivyosema anaenda haja akakimbia mpaka Bwera. Wale wengine hakuwaona tena. Vidole vya Aryemo havikuacha kuchambua.

"Usisema kwa mutu," Thembo akasema. "Ukisema kwa mukubwa ya hapa, Mwalimu, yeye itasema kwa askari. Askari watasema mimi ni mutu ya Kule."

"Sitasema."

"Kwa Mwalimu pia?"

"Mimi ni mtoto ya askari. Nikisema sitasema, imeisha."

Ahadi ni deni, ndivyo tulivyolelewa, na hakuna mtu atakayemlaumu Aryemo kwa kulipa deni lake. Mimi namlaumu kidogo. Alipaswa kumwambia mtu mzima mwenzake, hata mmoja. Lakini alikuwa amemwona yule mtoto akipumua vizuri kwa mara ya kwanza tangu aletwe, na hilo lilimlevya.

Kisha wafadhili wa ng'ambo wakafunga mkono. Mwalimu Zedekiah, mkuu wa kituo, aliwaita wafanyakazi na kuwaambia bila kuzunguka: Mlimani panafungwa mwisho wa mwezi. Vijana wenye ndugu watarudi kwa ndugu zao. Wasio na mtu kabisa watapokelewa na nyumba moja huko Fort Portal, ambayo nafasi zake ni chache mno. Wengine walilia pale pale. Aryemo naye alihuzunika, kazi ni kazi, lakini moyoni kulikuwa na sauti nyingine ikiimba. Thembo hana mtu. Ndivyo ilivyoandikwa. Thembo ataenda Fort Portal, mbali na mpaka, mbali na Kule. Alimfuata karakanani akamwambia, na kijana akainama juu ya randa yake asionekane anavyocheka.

Mwalimu Zedekiah hakuwa mtu mbaya, na hapo ndipo uchungu wa hadithi hii ulipo. Alikuwa Mukonzo wa Nyakalengija, mwalimu mstaafu, mtu anayesali kabla ya kutia sahihi. Alipopitia majina ya wasio na ndugu, la Thembo, ambalo hakujua limeandikwa hapo, lilimsimamisha. Kwa Wakonzo mtoto hupewa jina kwa zamu ya kuzaliwa. Mvulana wa kwanza ni Baluku, anafuata Bwambale, kisha Masereka, kisha Kule, ndipo aje Thembo. Mtu haitwi Thembo akiwa mtoto pekee, sawa na vile mtu hafiki ghorofani bila kupanda ngazi. Polisi waliomwandika walitoka mikoa mingine, hawakujua. Aryemo aliliita jina lile asubuhi na jioni, hakujua. Mukonzo yeyote akilisikia tu alishahesabu kaka wanne.

Zedekiah alifikiri hivi: mtoto amegombana na wakubwa wake, akadanganya, watoto ndivyo walivyo. Labda wapo kaka wanne huko kijijini wanamlilia. Na nafasi ile ya Fort Portal, kwa nini aichukue mwenye ndugu ilhali yuko asiye nao kweli? Akapanda gari la Kasese, akaenda kwenye redio inayotangaza kwa Kikonzo, akalipia tangazo kutoka mfuko wake.

Tangazo lilisomwa Aryemo akiwa jikoni, anamimina chai. Vijana walikuwa madarasani, na mpishi, Consolée, alikuwa amekwenda sokoni. Akasikia jina la kituo. Akaongeza sauti ya redio. Akasikia na jina la Thembo, na la ukoo, na la kijiji. Akadhani wanaombewa msaada. Akasimama pale na kikombe mkononi, anatabasamu kwa lugha asiyoijua, mpaka muziki ukarudi.

Kesho yake Consolée alirudi kutoka sokoni bila nyanya. Alikuwa mwanamke wa ng'ambo ya mpaka, wa Beni, na Kinande chake na Kikonzo ni mtu na ndugu yake.

"Mama Aryemo," alisema, "ku soko bantu beko nasema mambo ya Thembo. Mu redio balisema famiye yake, bandugu yake, bakuye kumubeba hapa. Ile mutoto alisema hana famiye, si vile?"

Aryemo alipanda kwa Zedekiah akaingia bila kubisha.

"Mwalimu, wewe umefanya nini na Thembo?"

"Nimemtafutia watu wake," Zedekiah akasema, akashangaa kwamba haoni furaha. Akamweleza habari ya majina, kwa upole, kama anavyomweleza mgeni. "Damu ni nzito kuliko maji, Mama. Wewe umemlea vizuri. Sasa arudi kwao."

Aryemo alifungua mdomo. Angesema, naamini angesema, deni au si deni. Lakini bodaboda ilikuwa imeshapiga honi getini.

Mtu aliyeshuka alikuwa amevaa shati safi lililopigwa pasi. Alikuwa na barua ya mwenyekiti wa kijiji, yenye muhuri. Alimsalimia Zedekiah kwa Kikonzo, ameinama, mkono mmoja umeshika mwingine, akasema yeye ni Kule, kaka wa mtoto, mkulima wa kahawa, na kwamba nyumbani wamekesha kwa furaha. Zedekiah akamwita Thembo.

Thembo alikuja kutoka karakana, maranda ya mbao yamemkaa kwenye nywele. Alipomwona yule mtu alisimama.

"Huyu ni kaka yako?" Zedekiah akamuuliza.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Unaona? Hukuwa peke yako."

"Ndiyo, Mwalimu. Nachukua blanketi yangu."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa. Zedekiah aliridhika. Aryemo alikwenda akasimama mlangoni pa bweni.

"Haendi," alisema.

"Mama, kwa sababu gani?"

Hapo ndipo Aryemo alipokwama. Mtoto alimtazama, akatikisa kichwa kidogo tu, akimkumbusha. Akisema, amemvunjia neno mbele ya yule yule aliyemkimbia. Akinyamaza, ataenda. Kule alikuwa anatabasamu kwa adabu, anasubiri wakubwa wamalize. Mwanamke hakufikiri, alikuwa amefika mwisho wa akili zake. Likamtoka tumboni neno la uwanja wa gwaride, kwa sauti ya baba yake.

"Mguu sawa."

Consolée aliangusha sufuria. Vijana wakachungulia madirishani. Na Kule, mkulima wa kahawa mwenye shati la pasi, visigino vyake viligongana, mikono ikashuka ikabana mapajani, kidevu kikainuka, macho yakakodoa ukutani. Haikuchukua muda. Alijilegeza mara moja, akacheka, akasema mama huyu ana utani. Lakini Zedekiah alikuwa amekwisha kuona kwamba huyu ni mtu wa bunduki, si wa jembe.

Kule hakuomba tena. Alimwambia Thembo maneno machache kwa Kikonzo, akapanda bodaboda, akateremka kilima.

"Amesema nini?" Aryemo akauliza.

"Amesema sasa anajua mahali anapolala mdogo wake," Zedekiah akasema.

Mwalimu alipiga simu kwa askari. Angefanya nini? Alikuwa na mabweni mawili yamejaa watoto wa watu. Aryemo mwenyewe hakumzuia. Walikuja kabla maharage ya mchana hayajaiva, wakawahoji wote uani. Walivyoona wao, mtoto alikuwa anamjua muasi, ni damu yake, na hakusema. Thembo alitazama vidole vya miguu yake.

"Mimi nilijua," Aryemo akasema. "Aliniambia zamani. Mimi ndiyo nilinyamaza. Yeye alikimbia hao watu, hakuwafuata."

"Basi na wewe panda gari."

Akapanda. Naomba mnielewe nikisema alipanda kwa nafuu. Alikaa karibu na mtoto kwenye sakafu ya gari, bega kwa bega, mpaka Kasese. Alikuwa amemvunjia neno lake, lakini alau hakuwa amemwacha peke yake.

Kambi ilikuwa ile ile aliyochezea utotoni. Ofisa aliyewapokea alikuwa mtu mzima, na aliposoma jina alimtazama tena.

"Wewe ni mutoto ya Sajenti Oryem?"

"Ndiyo, afande."

"Alikuwa mkubwa wangu. Mutu safi." Akaweka kalamu chini. Alionekana kuchoka na jambo hili lote. "Sasa sikia. Kijana inakaa hapa mpaka tumejua mambo ya kaka yake. Leo, kesho, mimi sijui. Na mutu aliyejua habari ya waasi akaficha, hiyo ni kesi, hata kama ni mutoto ya sajenti. Kwa hiyo fikiri vizuri kabla ya kuongea. Wewe ulijua?"

"Nilijua, afande. Mimi nakaa naye."

Ofisa akashusha pumzi. Akamgeukia Thembo.

"Wewe. Ulimwambia huyu mama habari ya kaka yako?"

Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi Thembo aliinua uso. Alimtazama Aryemo, akamtazama sana, kisha akamtazama ofisa.

"Hapana, afande."

"Thembo," Aryemo akasema. "Sema kweli."

"Mimi sikumwambia kitu. Sikumwambia mutu. Huyu mama anadanganya juu ya kunionea huruma tu."

"Afande, usimsikilize. Tulikuwa tunachambua maharage, akaniambia kibanda, akaniambia wavulana wengine, mimi naweza kueleza yote."

"Hanijui," Thembo akasema. "Alikuwa ananipa tu chakula, kama wengine."

Ofisa alishika kalamu haraka, kama mtu aliyeonyeshwa mlango aliokuwa akiutafuta, akaandika. Akaamuru mama atolewe. Aryemo alimshika mtoto shati, akaita jina lake, akamwambia asimfanyie hivyo, kwamba anaweza kulala popote, kwenye saruji, kwamba amekulia humu. Thembo alimbandua vidole, kimoja kimoja, bila nguvu, akageuka ukutani.

Askari aliyemsindikiza mpaka getini alikuwa kijana wa kaskazini, wa kwao. Alikwisha kusikia ni binti wa nani, kwa hiyo hakumsukuma. Alimfungia lango nyuma yake taratibu, akazungumza naye kupitia nondo.

"Umeachiwa, Mama," alimwambia. "Shukuru Mungu, uende nyumbani."