Malkia wa Ukutani

Kibuyu cha maziwa kikifukizwa moshi, harufu yake hunirudisha sebuleni kwa yule Mzungu wa misheni aliyekuwa akinunua maziwa kwetu. Ukutani alitundika picha ya zamani ya kwao, ya wino mweusi: malkia mnene kupindukia, kiti kimepinda miguu chini yake, watumishi wembamba wakimtolea macho.

Bibi yangu alikulia ikulu kwa Mukama wetu wa Karagwe, ambako wake wa mfalme walinyweshwa maziwa mpaka washindwe kusimama. Alipoiona picha ile alipiga magoti.

"Huyu ametunzwa," alisema. "Ng'ombe wake wanachungwa wapi?"

Mzungu akacheka. "Bibi, huyo alichorwa ili watu wamcheke."

Bibi akainuka, akachukua kibuyu chake, tukaondoka. Njiani nilimuuliza malkia yule alikosa nini hata achekwe. Aliongeza mwendo, kibuyu kitupu kikimgonga kiunoni.

Kesho yake alinibebesha kibuyu kingine, kidogo.

"Na hiki cha nani, Bibi?"

"Cha yule wa ukutani. Kama watu wake wenyewe wanamcheka, unadhani wanampa chochote?"