Picha Nilizozipaka Chokaa

Majibu ya kujiunga na gredi ya kumi yalipotoka, binti yangu alikuwa amepangiwa shule ya kutwa isiyo na mwalimu wa sanaa. Ile shule ya bweni tuliyoitaka, yenye mkondo wa sanaa, aliipata binti wa wifi yangu, dada wa mume wangu, ambaye tunakaa naye mtaa mmoja hapa Mambrui. Wifi akaita watu wasome dua. Nami nikaenda kumkaangia mahamri ya wageni, nikitabasamu mpaka mashavu yakaniuma. Wivu ulinikaba, sifichi. Yule mtoto wake akichora ndizi utadhani ni kiatu.

Wangu ana mkono. Akishika kipande cha mkaa, uso wa nyanyake unatokea ukutani na mikunjo yake yote. Lakini mimi ni mtu wa kuogopa jicho la watu. Nilimkataza mashindano, nikamkataza kupeleka picha shuleni, na kila Idi ikikaribia nilizipaka chokaa kuta zote. Wifi, yeye, alimtangaza wake kila pahali, hadi hoteli moja ya Kikambala ikatundika picha zake. Nami nikimcheka.

Nilikwenda ile shule ya bweni kuomba abadilishiwe. Mwalimu mkuu alinipokea vizuri, akaniambia nafasi imebaki moja.

"Mama, nionyeshe kazi zake."

"Sina, mwalimu. Lakini wallahi mtoto anajua."

"Kila mzazi anayekuja hapa, mtoto wake anajua. Niletee kesho. Na zisiwe za kuchorwa leo, nataka kuona alikotoka."

Nilirudi nyumbani nalia. Binti yangu aliponisikiliza alivuta buibui lake akatoka. Aliporudi alikuwa na shangazi yake, huyo huyo wifi, naye ana simu mkononi. Humo mlikuwa na kuta zangu zote, Idi baada ya Idi: nyanya, paka wa jirani, hata mimi mwenyewe napepeta mchele, nimekunja uso.

"Nilikuwa nikizipiga picha kila nikija, wifi, ukishanipa kisogo," aliniambia. "Nilijua utazipaka chokaa, na roho ilikuwa ikiniuma."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia ungenifukuza."

Kweli ningemfukuza. Nilimshukuru kwa sauti ndogo, kesho yake tukaenda pamoja, na mwalimu mkuu alipomaliza kuzitazama akampa binti yangu ile nafasi.

Nilidhani wivu utaniondoka. Siku ya kuripoti, mtoto wangu alimkumbatia shangazi yake kwanza, akakaa kifuani mwake muda mrefu, wakinong'onezana. Nilisimama na sanduku mkononi nikimwonea wivu wifi, mara hii kwa binti yangu mwenyewe.