Mtoto wa Saba Hakufika Gitega

Siku tatu nzima niliulaumu mtandao. Kisha nikamgeukia karani wa Muyinga, mwanamke aliyeandikisha familia zilizorudi Burundi kutoka Tanzania. Majina aliyoyaingiza kule yalitakiwa yajinakili yenyewe kwenye kompyuta yetu ya Gitega, tulikochapa kadi za matibabu. Programu ya kunakili niliiandika mimi, kwa hiyo sikutaka kusikia kuwa ina kasoro.

Lakini mama mmoja wa Gasorwe alikuwa ameshatembea hadi Muyinga mara tatu. Ana watoto saba, kadi yake ilionyesha sita. Kitinda mimba wake, mwenye kifua kibaya, hakuwemo, na bila kadi zahanati haikumpokea.

"Écoute, sikiliza, huku iko saba," karani aliniambia kwenye simu. "Mi niliandika bote. Labda we njo unamukula."

Eti mimi ndiye niliyemla mtoto! Nikakata simu kwa hasira. Nikafungua programu mstari kwa mstari, nikinung'unika, hadi nikafika kwenye bafa, ile nafasi ya kumbukumbu inayoishika familia moja kabla haijatumwa. Ukubwa wake niliukokotoa hivi: jina la baba mara moja, halafu majina mafupi ya watoto. Familia ndogo zilipita. Kubwa zilikatwa mkia kimyakimya.

Jina la baba mara moja! Nilikulia kambi ya wakimbizi Tanzania, ambako shuleni sote tuliitwa kwa jina la baba. Burundi kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, refu, lisilofanana na la baba wala la ndugu zake. Nilijua hilo, mama yangu aliniambia tangu utotoni. Niliona aibu, na aibu ikanizidishia hasira.

Nikapanua bafa, nikanakili upya. Wa saba akaingia. Nikampigia karani, naye akampa simu yule mama, aliyekuwa amefika kwa mara ya nne.

"Asante, mwanangu, ila nilishahangaika vya kutosha," alisema kwa Kiswahili cha kambini kama changu. "Juzi nilimwandikisha kwa dada yangu. Yeye ana wawili tu, kadi yake haipunguzi mtu."

Nikatazama skrini. Kweli, mtoto yumo mara mbili, kwa mama wawili, na kadi haingechapwa hadi aondolewe kwa mmoja. Ilibidi nimwambie kuwa, ili mtoto abaki wake, dada yake lazima afike Muyinga kutia sahihi, na yeye awepo.

"Kwa hiyo nirudi tena?"

"Ndiyo, mama. Kosa ni langu."

"Na huyu hapa mgongoni," aliuliza, "leo atatibiwa?"