Ndege Inayonusa Shaba

Kuna wakati niliamini, kwa moyo wangu wote na cheti changu cha kompyuta juu yake, kwamba droni ina pua. Sisemi kwa mafumbo. Pua kabisa, ya kunusa shaba. Niliamini kwamba ikipita juu ya nyumba yako inanusa kila shaba iliyomo ndani, kuanzia bangili ya bibi hadi waya wa redio, halafu inampelekea habari tajiri fulani aliyekaa mbali huko: chimba hapa. Kufikia Jumapili wewe, watoto na kuku wako mmeshapakiwa kwenye lori, mnapelekwa Mubuku kulala na vyura kwenye mifereji ya mpunga.

Kabla hujacheka, kumbuka mimi ni mtoto wa Bulembia, mtaa wa mgodi wa shaba kule Kasese, Uganda. Baba alichimba shaba mpaka mgodi ukafungwa. Uji niliokunywa ulikuwa wa shaba, kaptula yangu ya shule ilikuwa ya shaba, na hata Kiswahili chetu cha nyumbani kilitoka kwenye kambi ya wachimbaji, ambako makabila yote yalirundikwa pamoja na kuambiwa yaelewane. Kwetu mgeni akiinama kufunga kamba ya kiatu, watu walisimama kumtazama. Anatafuta nini chini? Wageni wote waliowahi kuja kwetu walikuja kwa sababu ya kitu kilicho chini ya miguu yetu. Kwa hiyo alipokuja mgeni anayetazama kutoka juu, akili yetu haikuhangaika sana kujua anatafuta nini.

Miaka hiyo, katikati ya ile ya elfu mbili na kumi, nilikuwa na kibanda Bwera, mpakani na Kongo, cha kutengeneza simu na kuzichaji. Nilikuwa nimemaliza shule ya jioni nikiwa na ndevu tayari, nikikaa dawati moja na wanaume wenye wajukuu, na baada ya kupata cheti nilianza kutembea kifua mbele kiasi kwamba shati lilikatika vifungo. Nilikuwa nimefungua simu nyingi kuliko daktari alivyofungua matumbo. Nilijua kilichomo ndani. Na ndani ya simu, ndugu yangu, kuna shaba.

Siku za soko, Jumanne na Ijumaa, alikuwa anavuka mpaka mama mmoja wa Kongo mwenye vitenge na sauti ya kuamsha mlima. Aliacha simu kwangu ichajiwe wakati yeye anauza. Nikamwambia, kwa majivuno yangu ya kawaida, kwamba nimepata kazi Kasese ya kuwatafsiria wabunifu wa teknolojia, na kwamba wana ndege ndogo ya kupiga picha.

"Papa," akasema, "we unazani ile kitu iko inapiga foto?"

"Sasa inafanya nini, mama?"

"Iko inanusa shaba! Kwetu ilipita juu ya kijiji. Kesho yake batu bote beko barabarani na magodoro kichwani."

"Uliona kwa macho yako?"

"Mutoto ya dada ya jirani yangu aliona. Haitoshi? Unataka nikuletee na godoro?"

Wanawake wenzake wakacheka. Mimi nikacheka pia, ila kicheko changu kilikwama njiani.

Wabunifu wenyewe niliwapenda. Mkubwa wao alikuwa dada wa Kampala, mpole, Kiingereza chake kimenyooka kama barabara mpya, na Kiswahili hajui hata cha kuombea maji. Walikodi ukumbi wa kanisa kwetu, wakabandika makaratasi ukutani, wakawapa watu kalamu za rangi na kuwaambia: chora mji wako utakavyokuwa wakati watoto hawa watakapokuwa na watoto wao. Fundi viatu alichora bodaboda zinazoruka. Mama mmoja wa kwaya alichora taa ya barabarani inayomtangaza kwa jina mlevi anayekojoa ukutani. Tulicheka mpaka mhubiri akatoka kuangalia kuna nini. Dada alifurahi, lakini kila mara alirudi kwenye swali moja, nami nililitafsiri mara nyingi hadi nikaweza kulisema usingizini: teknolojia mpya ikiingia mjini, ni nani atasikika na ni nani atasahaulika?

Nililitafsiri vizuri sana. Nilinyoosha hata kidole.

Jambo lililowaleta lilikuwa mto. Nyamwamba ulikuwa umeshatutembelea miaka ya nyuma bila kubisha hodi, ukabeba madaraja na mawe makubwa kama nyumba, na hakuna aliyesahau. Wabunifu walikuwa na vifaa vya kupima maji, vya kufungwa kwenye miamba kule juu. Maji yakipanda, kifaa kinapeleka ujumbe kwenye simu za watu walio chini, nao wanatoka mapema. Lakini vifaa vilikuwa vichache, na majaribio yangeanza upande mmoja tu wa mto. Mpango ulikuwa huu: Alhamisi asubuhi droni itaruka juu ya bonde kuchora ramani, na wakati huohuo kila simu iliyoandikishwa itapata ujumbe. Ukiupata, unabonyeza moja. Upande utakaojibu vizuri ndio utakaoanza.

Nilisimama mbele ya ukumbi nikayasema hayo yote, neno kwa neno. Mama yangu alikuwa safu ya mbele, kitambaa kichwani, akinitazama kama vile mimi ndiye niliyeumba simu. Nyumba yake ilikuwa karibu na mto kuliko zote. Kwenye baraza yake palikuwa na cherehani ambayo baba alimnunulia alipopewa malipo yake ya mwisho ya mgodi. Kwa cherehani hiyo alishona sare za shule za nusu ya Bulembia, na kwa cherehani hiyo mimi nilikula, nikavaa, nikalipiwa ile shule ya jioni.

Jioni ile nilienda kwake kula. Nilikuwa nimebeba yale maneno ya Bwera tumboni tangu Ijumaa, na sasa yalikuwa yamekutana na elimu yangu. Hapo ndipo aibu yangu ilipo, na bado ipo, wala haijapungua uzito. Maneno yale yalitoka Bwera yakiwa yamevaa kandambili. Mimi ndiye niliyeyavalisha suti.

"Mama," nilimwambia, "Alhamisi zima simu."

"Wewe si ndiye umesema tuziwashe?"

"Nilisema kwa sababu ni kazi. Sasa nakuambia kama mwanao. Simu ina shaba ndani. Ukibonyeza moja, ile shaba inapata moto kidogo, inatoa harufu ya sumaku, na ndege inaikamata."

Harufu ya sumaku! Hakuna shule duniani inayofundisha kitu hicho, si ya mchana wala ya jioni. Nilikitunga palepale, mdomoni kukiwa na muhogo, na kilipotoka kikaniingia hata mimi mwenyewe. Nikaongeza: izime, ifunge kwenye nailoni, ifukie ndani ya pipa la unga. Mama hakuuliza la pili. Kijana wake amesoma.

Kama ningemwambia mtu mwingine, labda yangeishia hapo. Lakini mama alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa kanisa. Kufikia Jumatano mchana, Bulembia yote upande wetu ilikuwa inaficha shaba. Mzee jirani, aliyechimba pamoja na baba, alifukia kikombe chake cha shaba cha ukumbusho wa mgodi chini ya mgomba, kisha akasahau ni mgomba upi. Wanawake walivua bangili. Mwenye bodaboda aling'oa nyaya za pikipiki yake, akaisukuma mpaka Jumatatu. Na kengele ya kanisa, naapa, niliikuta imefungwa magunia matatu na blanketi, inaonekana kama mgonjwa wa malaria.

Alhamisi droni iliruka. Ilikuwa ndogo kama sinia, inalia kama nyuki. Nilisimama kando ya dada wa Kampala na kibao chake cha kuangalizia picha za droni, na chini yetu upande wetu ulikuwa kimya kama siku ya mazishi. Hata watoto walikuwa wamefungiwa ndani.

Siku ya pili yake tulirudi ukumbini. Dada akaonyesha ramani kwenye ukuta mweupe. Kila simu iliyojibu ilikuwa nukta ya njano. Ng'ambo ya mto palimeremeta kama mbingu. Upande wetu palikuwa na nukta moja, nayo ilikuwa ya afande mmoja wa polisi aliyehamia kutoka kaskazini wiki hiyo, ambaye hakuna aliyekuwa amemwambia lolote kuhusu shaba.

Dada aliitazama ramani, akanigeukia. "Waulize, upande huu watu hawana simu? Au ujumbe haukufika?"

Nikaligeuza swali kwa Kiswahili. Ukumbi mzima, watu wote wale niliokua nao, wakanitazama mimi. Hawakumtazama dada. Walinitazama kama wanaosubiri bwana harusi aseme ndiyo. Yule afande tu ndiye aliyenyanyua mkono nyuma:

"Simu wanazo! Kila mtu hapa ana simu, wiki hii nimewaona nazo! Wamemeza?"

Hakuna aliyecheka. Nami sikumtafsiria dada maneno ya afande. Nilimwambia, "Wanasema hawajui." Akaandika kitu, akasema ni huzuni, lakini wataanzia ng'ambo, na wakifanikiwa watarudi kwetu. Nikatafsiri hilo. Akina mama wakapumua. Mmoja alinigusa bega wakati wa kutoka, akaninong'oneza, "Umetuokoa, baba." Nikakubali shukrani. Nilikubali! Hata soda niliyonunuliwa niliinywa yote.

Mvua zilipokuja, zilikuja kweli. Mimi nilikuwa Bwera, ni Ijumaa ya soko, naunganisha spika ya simu ya mtu, aliponipigia yule fundi viatu. Sauti ya mto ilikuwa kubwa kuliko yake.

"Rudi nyumbani, kaka. Mama yako yuko salama. Lakini rudi."

Njiani nilisimuliwa vipandevipande. Kule juu maji yalianza kupanda mchana. Ng'ambo simu zililia, watu wakatoka na watoto, mbuzi, magodoro, mpaka na milango ya mbao waliyoing'oa. Wakasimama juu ya kilima wakatazama upande wetu, na watu wetu wakashangaa kwa nini wale wanahama huku jua bado linawaka. Walipunga mikono. Walipiga kelele. Mama alikuwa barazani anashona. Akadhani kule kuna harusi, naye akawapungia. Maji yalipofika kwenye ngazi ndipo afande alipomchukua mgongoni akakimbia naye, huku mama anampiga ngumi mgongoni akisema amrudishe akachukue cherehani.

Nilimkuta kwenye ukumbi wa kanisa, miguu ina tope hadi magotini, ameshika nusu ya shati la shule. Mkono mmoja tu na kola. Hakuwa analia. Nyumba ilikuwa imebaki kuta mbili, na mahali pa baraza palikuwa na jiwe ambalo hakuna mtu aliyewahi kuliona. Tulilizunguka siku kadhaa na majembe, mimi na wanaume wengine, tukitafuta chuma chochote cha cherehani. Hatukupata hata gurudumu.

Katika siku zote hizo hakuna aliyenisema. Wangenisema ningejitetea, maana mdomo ninao. Walinipa majembe, walinipa chai, waliniita kwa heshima ileile, na kila "mwalimu" waliyoniita iliniingia kama mwiba wa samaki. Nilianza kuongea kidogo. Walionijua walidhani naumwa.

Wiki iliyofuata dada wa Kampala akarudi na wenzake kuona vifaa vyao. Alikuja kumpa mama pole. Wakakaa kwenye benchi nje ya ukumbi, mimi katikati kama kawaida ya mkalimani. Mama alipokea pole, akashukuru, kisha akanielekezea kidevu.

"Muulize. Ile ndege yake inanusa shaba?"

"Mama, huyu ni mgeni, amechoka. Tumuulize siku nyingine."

"Muulize sasa. Na usiongeze maneno yako."

Nikamuuliza, kwa Kiingereza changu cha cheti, nikitazama viatu vyangu. Nilitumaini atacheka. Angecheka, ningecheka naye, na tungeligeuza kuwa kichekesho. Hakucheka. Alinitazama kwanza mimi, muda mrefu, na nikaona ile ramani yenye giza ikimrudia kichwani. Halafu akafungua begi, akaitoa droni, akaiweka juu ya mapaja ya mama, akaanza kueleza polepole, akisimama kila baada ya sentensi ili nimfikie.

"Anasema hii ni kamera," nikamwambia mama. "Hii ni betri. Hizi ni panga zake za kurukia. Anasema haina kitu cha kunusa, na simu haitoi harufu yoyote. Waliirusha ili waone maji yatapita wapi. Na ule ujumbe, anasema, ulikuwa wa kujua wangapi watahitaji kupigiwa maji yakija. Anasema hapakuwa na jambo jingine lolote." Sikuongeza neno langu hata moja.