Gitaa ya Bruxelles Yenye Ilitoka Kasenyi

Nyiye munanijua, mimi si mutu wa haya nyingi. Mbele ya wanafunzi nimeshakosea hesabu ubaoni mara ngapi, watoto wakacheka na mimi nikacheka nao. Lakini hii mambo ya arusi ya Clarisse nilikaa nayo miezi ndani ya tumbo kama chakula yenye haikuiva, na leo naisema ju naona bila kuisema haitatoka. Aibu yenyewe ilikuwa mbili. Moja watu walicheka mupaka wakashika mbavu, na ile ilishapita. Ya pili hakuna mutu alicheka, na ile njo ingali inaniuma.

Mimi ni mwalimu wa fizike ku segondere moja hapa Bunia, nakaa mutaa wa Ngezi, na ugonjwa yangu ni gitaa. Siyo kupiga tu. Kupiga nilianza zamani na gitaa za kuazima, lakini inafika wakati unaanza kusikiliza mbao yenyewe: kila gitaa yenye naona naigonga mugongo na kidole, naweka sikio, nafunga jicho moja kuangalia kama shingo imenyooka, mupaka muuzaji mumoja wa soko akaniuliza, "Prof, unainunua ao unaipima malaria?" Kisha nikasema mwenyewe naweza kutengeneza. (Ya kwanza niliijenga na triplex, mbao ile nyepesi ya dari. Sauti yake ilikuwa ya ndoo. Bibi yangu Antoinette akaweka vitunguu ndani, na kusema kweli ilichunga vitunguu vizuri kuliko ilivyoimba.)

Mwenye aliniokoa ni bokilo yangu, baba ya Antoinette, Baba Longin. Alijenga mashua ya mbao kule Kasenyi, pembeni ya ziwa, zaidi ya miaka makumi tatu, zile zenye zinavuka ziwa kwenda Uganda, mupaka mugongo ikakataa, njo akapanda huku Bunia kukaa karibu na watoto. Na munajua vile mutu anakaaga na bokilo yake: macho chini, "Baba, umeamuka?", "Nimeamuka", mazungumuzo imeisha. Siye tulikuwa hivyo miaka kumi na moja. Siku moja akanikuta niko nakunja ubao wa ubavu wa gitaa juu ya bomba ya moto, unavunjika, naleta mwingine, unavunjika. Akasimama, mikono mugongoni, akaangalia wa tatu ukivunjika, kisha akasema, "Papa Neema, unailazimisha." (Neema ni mutoto yangu wa kwanza.) "Ilowanishe, uingoje, itakuja yenyewe." Akanitosha ubao mukononi, na ule ubao ukajikunja polepole kama vile ulikuwa unangojea yeye tu.

Kutoka pale, kila siku ya posho, ndiyo Jumamosi, alikuwa anafika asubui na randa yake ndani ya gunia. Alituma watu walete mbao za mashua moja yenye alijenga mwenyewe, yenye ilimaliza kazi na kuvutwa inje ya maji, ju alisema mbao yenye imekunywa maji na kukauka miaka yote ile haina tena kiburi ya kujipinda. Ubao wa mugongo ulikuwa ungali na rangi ya buluu na herufi nyeupe upande mumoja. Mimi nikataka kuzitosha na randa, akakataa, "Utabaki mwembamba sana. Tuweke rangi ndani, nani ataona?" Tulifanya miezi saba. Na mikono ikiwa na kazi, mudomo nayo inafunguka: akanihadisia mashua zake moja moja kama mutu anahadisia watoto, akanihadisia na mutoto yake kijana mwenye ziwa ilibeba, kitu yenye Antoinette mwenyewe hajawahi kusikia kutoka mudomo yake. Nilikuwa nashikilia ubao, nasikiliza. Gitaa ilikuwa na kosa moja tu: ikipata joto ilinuka samaki ya chumvi. Kidogo tu.

Basi Clarisse, mutoto wa mwisho wa Baba Longin, akafika kuolewa, akaniomba, "Shemeji, wakati naingia, sitaki muziki ya simu. Unipigie na ile gitaa ya weye na Papa." Tukaharakisha. Jumanne tukabandika na kole, gundi ya mbao, kile kibao kidogo cha chini chenye kinashika nyuzi, na arusi ilikuwa siku ya posho ileile. Baba Longin akanionya, na hakuwa mutu wa kuonya mara mbili, "Kole ingali mbichi. Acha nyuzi chini chini, upige polepole. Usikaze mbele ya wiki mbili kuisha."

Sasa tufike ku kosa yenyewe, na muione vile ilikuwa kidogo.

Tuko chini ya shitingi, ile turubai ya arusi, jua ya saa nane inapiga, viti vimejaa. Naketi pembeni ya Patrick, kijana mukubwa wa jamaa ya bwana arusi, mwenye alileta piano yenye inawaka taa nyekundu na kijani na kuvaa miwani nyeusi kivulini. Akaangalia gitaa yangu, akainama kutafuta jina kule juu ku kichwa yake, hakuna jina. Akauliza bila ubaya, "Prof, hii ni marque gani?"

Nikaangalia zile taa za piano. Nikaangalia viatu vyake. Nikasikia mudomo yangu yenyewe inasema, "Ilitoka Bruxelles."

Neno moja tu! Ningesema "tumeitengeneza na bokilo yangu", tungepiga habari ya mbao na kuendelea. Nikageuka, na Baba Longin alikuwa hapo nyuma, hatua mbili tu, koti yake ya kahawia imefungwa vifungo vyote, jus mukononi. Alikuwa anaangalia mbele. Nikajiambia: muzee, masikio imechoka, hakusikia. Akaenda kukaa kiti cha mustari wa kwanza, kile chenye kinaelekea pale nitapigia, na nilijua ju ya nini alikichagua.

Patrick akanongonea MC, na MC wa Bunia munamujua, ukimupa mbegu atakurudishia shamba. Akashika mikro, "Mesdames et messieurs, leo bibi arusi ataingia na gitaa kutoka Bruxelles! Makofi!" Makofi ikapigwa. Nikasimama, nikainamisha kichwa kama askofu.

Kisha akakuja tonton wa bwana arusi, ndugu ya baba yake, muzee mwenye tumbo na fimbo, mwenye kila mutu alikuwa anasema alikaa Ubelgiji. Akaipapasa gitaa na kuuliza, "Ni fundi gani? Ju kule najua mafundi karibu wote."

Nikatafuta jina kichwani, jina ya kizungu, yoyote, na kitu yenye ilitoka ni, "Ni... Monsieur Vankasen."

(Vankasen! Kasenyi yenye imevaa kravati shingoni!)

Tonton akafunga macho kidogo. "Ah, Vankasen! Namujua. Muzee mufupi, iko na duka karibu na gare ya treni."

Tukaangaliana. Nadhani ile wakati siye wawili tuliogopana sawasawa. Akanipiga bega na kwenda kukaa haraka haraka.

Sasa Patrick akapiga nota moja ku piano, akasikiliza yangu, akakunja uso, "Prof, uko chini sana. Panda unikute." Nifanye nini? Nimuambie kole ingali mbichi? Gitaa gani ya Bruxelles inafika na kole mbichi? Nikaanza kukaza. Mbao ikalia, tiii, kidogo. Nikaona Baba Longin anainua kichwa. Akatikisa kichwa mara moja, kushoto na kuume: hapana. Na mimi nikafanya kama mutu mwenye anatafuta inzi juu ya shitingi, nikakaza zaidi.

Jua nayo ilikuwa inafanya kazi yake. Mama mumoja wa mustari wa pili, mwenye alisimamia jikoni, akaanza kunusa, akauliza kwa sauti, "Nani amepika samaki? Siye tulipanga kuku tu!" Watu wakanusa wote. Mimi nikanusa nao, nikaangalia jirani yangu kama vile ni yeye.

MC akanyamazisha watu. Clarisse akatokea pale mulangoni, mweupe kama mawingu, mukono ndani ya mukono wa kaka yake. Nikapiga nota ya kwanza, ikatoka tamu, wallahi ikatoka tamu hata mimi nilishangaa, nikaona Baba Longin anafunga macho. Ya pili. Ya tatu.

PAAA!

Kile kibao cha chini kiliruka na nyuzi zote sita, kikapita juu ya piano, kikaingia ndani ya gato, keki ya arusi, orofa ya pili, kikabaki kimesimama pale na nyuzi zinatetemeka kama masharubu ya panya. Mimi kwa woga nikaachilia gitaa. Ikaanguka na kona juu ya simenti, mugongo ikabanduka yote, ikateleza mupaka mbele ya miguu ya MC, upande wa ndani unaangalia juu. MC akaokota. (Angeweza kuacha. Lakini alikuwa MC.) Akasoma ndani ya mikro, silabi moja moja kama mutoto wa darasa ya kwanza, "KA... SE... NYI." Akanigeukia. "Prof, hii Bruxelles inatoaga samaki?"

Jamani. Watu walilia. Kuko mama alianguka na kiti. Yule mama wa jikoni akasimama na kupiga makofi, "Nilisema! Nilisema ni samaki!" Na Patrick, mukorofi, akageukia tonton, "Tonton, na ule Vankasen wa karibu na gare?" Tonton akaanza kukohoa, akakohoa mupaka wakamuletea maji.

Ile njo aibu ya kwanza. Ya pili ni hii.

Baba Longin akasimama. Akatembea katikati ya viti na mugongo yake yenye inauma, polepole, na kicheko ikapunguka punguka mupaka ikaisha. Akafika ku gato, akatosha kile kibao, akatoa kitambaa mufukoni, akakipangusa kreme, upande huu, upande huu, kama mutu anapangusa mutoto pua. Akaomba mikro. Nikasema leo niko nakufa.

Akasema, "Musimuchekelee mukwe yangu. Kole ni mimi niliweka. Niliweka vibaya." Akarudisha mikro na kwenda kukaa.

Hakukuwa mutu mwenye alicheka tena. Na mimi nilikuwa napenda wacheke siku nzima kuliko kusikia vile, ju kole aliiweka vizuri, na siye wawili tulijua.

Clarisse ndiye alituokoa wote. Alikuwa angali pale mulangoni, machozi imesimama machoni lakini haikuanguka, akapaza sauti, "Shemeji! Mudomo nayo ilivunjika? Niimbie!" Nikaimba. Sauti yangu si ya kuimbia mutu, lakini nikaimba ule wimbo bila kitu mukononi, nikipiga goti na kiganja, wamama wakaupokea, Patrick akatufuata na piano yake polepole (nilimusamehe palepale), na bibi arusi akaingia na sauti za watu wake. Kuko wenye wanasema ilikuwa nzuri kupita vile tulipanga. Sijui. Mimi nilikuwa naangalia viatu vyangu.

Kisha chakula ikaanza, nikamukuta Baba Longin nyuma ya shitingi, ameketi juu ya kreti, vipande vya gitaa juu ya magoti. Nikapiga magoti chini na suruali ya arusi.

"Baba, ulisikia vile nilisema kwa Patrick?"

"Nilisikia."

"Ju ya nini hukusema kitu?"

"Nilikuwa nangojea uniambie kule Bruxelles nilikaa mutaa gani."

Nikataka kucheka, lakini hakuwa anacheka. Akapitisha kidole juu ya rangi ya buluu. Akasema, "Watu walipanda mashua zangu miaka mingi, Papa Neema. Hakuna hata mumoja aliuliza nani alijenga. Walikuwa wanauliza tu kama inaingiza maji. Haikuniuma, ni kazi. Lakini hii nilisema, leo mutu atauliza, na mukwe yangu atanionyesha na kidole: ni yule muzee pale." Akageuza ubao. "Na mutu akauliza kweli."

Nililia pale chini kama mutoto, na yeye akaniwekea mukono kichwani, kitu yenye bokilo hafanyagi, akasema niende kula, kuku itapoa.

Siku ya posho yenye ilifuata nilifikiri hatakuja. Nilienda mwenyewe kwake, nikamuomba musamaha mbele ya mama mukwe na Antoinette, nikarudi pia kwa jamaa ya bwana arusi, nikasimama sebuleni kwao na kusema wazi gitaa ilijengwa na nani. Tonton hakuwa hapo, walisema iko mugonjwa ya kifua. Baba Longin alinisikiliza mupaka mwisho, kisha akauliza kama kuko makaa ku nyumba yangu, ju ubao wa ubavu nao ulipasuka na itaomba kukunja mwingine.

Sasa niliapa. Mutu akiangalia gitaa yangu, hata kama anataka kuniuliza saa tu, namuambia kwanza: hii alijenga Baba Longin, wa Kasenyi, fundi wa mashua, mimi nilimushikia ubao. Antoinette anasema nachosha watu. Waache wachoke. Wanicheke ju ya harufu ya samaki, ju ya sauti yangu, ju ya gato, niko tayari. Lakini ile mugongo ya muzee ikipita katikati ya viti kwenda kubeba kosa yangu, sitaki kuiona tena siku moja.